Galera za Malta: inchi ndogo na jeshi lake la bahari

Wasomaji wetu wanajua kisiwa cha Malta kwa njia ya Matendo ya Mitume. Ndipo mtume Paulo alipotupwa na tufani, merikebu ikavunjika, na watu wote waliokuwamo wakafika pwani wazima, wengine kwa kuogelea, wengine kwa kushika mbao. Wenyeji waliwapokea kwa wema, wakawawashia moto, kwani kulikuwa mvua na baridi. Paulo naye alimponya baba yake Publio, aliyekuwa akiumwa homa. Kiisha mlango huo tunamfuata mtume mpaka Roma, na Malta hatuisikii tena.

Lakini kisiwa kile kina habari nyingine, nazo si fupi. Kwa muda wa miaka 268, tangu mwaka wa 1530 mpaka mwaka wa 1798, kilitawaliwa na watawa. Watawa hao walikuwa na bendera yao, fedha yao, mabalozi wao kwa wafalme wa Ulaya, na zaidi ya yote walikuwa na jeshi la bahari. Jeshi lenyewe lilikuwa dogo sana, lakini jina lake lilijulikana toka Hispania mpaka Misri.

Tunapenda kueleza hapa ginsi jeshi hilo lilivyoanza, ginsi lilivyofanya kazi, na juu ya nini liliisha kwa siku chache bila vita ya kweli. Habari hizi si za kupumzisha akili tu. Ndani yake kuna swali ambalo kila padri, kila frateri na kila mkatekista atalikuta siku moja katika kazi yake: tukitwaa chombo chenye nguvu ili kutumikia jambo jema, je, jambo jema litaongoza chombo, ama chombo kitaongoza jambo jema?

I. Watumishi wa wagonjwa

Mwanzo wa habari yetu si merikebu, ni kitanda cha mgonjwa. Kabla ya mwaka wa 1100 kulikuwa Yeruzalemu nyumba ya kupokea mahujaji na wagonjwa, chini ya ulinzi wa Mtakatifu Yoane Mbatizaji. Mkubwa wake alikuwa Bruda Gerardo. Mwaka wa 1113 Papa Paskali II aliikubali nyumba hiyo na watawa wake, akaiweka chini ya ulinzi wa Kiti cha Mtume. Watawa hao waliwaita maskini na wagonjwa mabwana wao.

Lakini njia za mahujaji zilikuwa na hatari, na inchi yenyewe ilikuwa ya vita. Katika karne ile ya 12 watawa walianza kulinda mahujaji kwa silaha, kiisha wakajenga maboma, kiisha wakawa jeshi. Hivi shirika likapata watu wa namna tatu: mashevalie wa kupigana, mapadri wa kuhudumu altare, na mabruda watumishi. Wote waliweka nadhiri tatu tunazozijua: ufukara, usafi na utii.

Yeruzalemu ilianguka mikononi mwa Saladini mwaka wa 1187. Mji wa Acre, boma la mwisho la Wakristu katika inchi ile, ulianguka mwaka wa 1291. Watawa waliobaki wakakimbilia kisiwa cha Kupro. Sasa watazame, ndugu wasomaji: watu waliozoea kupigana juu ya farasi wanajikuta kisiwani, na maji pande zote. Wafanye nini? Ama warudi kwao Ulaya, ama wajifunze bahari. Walijifunza bahari. Karibu na mwisho wa karne ile tunasikia mara ya kwanza jina la amirali katika shirika lao.

Kati ya mwaka wa 1306 na mwaka wa 1310 waliteka kisiwa cha Rhodes, wakakaa huko zaidi ya miaka mia mbili. Huko ndiko walikogeuka kuwa watu wa bahari kweli. Waturuki walishambulia Rhodes mwaka wa 1480, wakashindwa. Mwaka wa 1522 Sultani Suleiman alikuja yeye mwenyewe, akauzingira mji muda wa miezi sita. Mkuu wa Shirika, Philippe Villiers de L'Isle-Adam, alikubali kutoa mji, na Sultani akawaacha waende zao kwa heshima pamoja na merikebu zao. Waliondoka tarehe 1 Januari 1523. Walikuwa wamepoteza inchi yao, lakini merikebu zilibaki.

II. Kisiwa kwa bei ya ndege mmoja

Kwa muda wa miaka saba watawa walitangatanga bila makao. Mwisho, mwaka wa 1530, Kaisari Karolo V aliwapa visiwa vya Malta na Gozo pamoja na boma la Tripoli katika Afrika ya kaskazini. Kodi aliyoomba ni ndege mmoja wa kuwinda, yaani kozi, kila mwaka kwa sikukuu ya Watakatifu Wote. Watu huitaja kodi hiyo kwa kucheka. Lakini Kaisari hakuwa mjinga: kwa bei ya ndege mmoja alipata walinzi wa mlango wa bahari kati ya Sicilia na Afrika.

Inchi yenyewe ilikuwa ndogo na kavu. Visiwa vyote vya Malta pamoja vina kilomita za mraba 316 tu, karibu sawa na kisiwa chetu cha Idjwi katika ziwa Kivu. Ukitaka kuvitupa ndani ya ziwa Tanganyika, wataingia zaidi ya mara mia. Hakuna mto, hakuna msitu. Ngano ilitoka Sicilia, mbao za merikebu zilitoka ng'ambo, na galera nyingi zilijengwa katika bandari za kigeni. Kitu kimoja kilikuwa kizuri kupita vyote: bandari yenye maji marefu, iliyofichika na upepo.

Fedha, je, ilitoka wapi? Ilitoka mbali. Katika Ufaransa, Hispania, Italia na Ujerumani shirika lilikuwa na mashamba na nyumba nyingi zilizopewa na waamini tangu zamani. Kila shamba kubwa lilisimamiwa na shevalie mmoja, naye alipaswa kupeleka Malta sehemu ya mapato kila mwaka. Kwa hiyo galera iliyofunga nanga Malta iliishi kwa zabibu za Provence na ngano za Aragon. Wasomaji washike jambo hili, kwani mwishoni litarudi.

Hatari haikuwa hadithi. Mwaka wa 1551 Waturuki na maharamia wa Barbaria walishuka Gozo, wakawachukua utumwani karibu watu wote wa kisiwa, wapata elfu tano. Mwaka uleule Tripoli ilianguka. Mtu anayewahukumu Wamalta juu ya kupenda galera zao, akumbuke kwanza vijiji vile vya Gozo vilivyobaki bila mtu.

III. Galera na watu wake

Galera ni chombo kirefu, chembamba, chepesi, kisichokwenda chini sana ndani ya maji. Kilikuwa na matanga, lakini nguvu yake wakati wa vita ni makasia. Kila upande kulikuwa na mabenchi yapata 25, na kila kasia lilivutwa na watu watatu, wanne ama watano. Mizinga mikubwa iliwekwa mbele, kwa hiyo galera hupiga kama ng'ombe apigavyo kwa pembe, uso kwa uso. Ndani yake walisongamana wapiga kasia kupita 250, pamoja na mabaharia, askari, mashevalie, mganga na padri.

Hesabu ya galera haikuwa kubwa hata siku moja. Katika karne ya 16 zilikuwa nne ama tano. Kiisha zikawa sita, saba, na karibu na mwisho wa karne ya 17 zikafika nane. Sultani aliweza kutoa mia mbili. Basi, nguvu ya Malta ilitoka wapi?

Kwanza, ilitoka katika mafundisho. Kila shevalie kijana alipaswa kusafiri na galera mara nne, kila mara miezi sita kwa uchache, kabla ya kupewa shamba ama cheo. Safari hizo waliziita karavani. Ilikuwa kama seminari ya bahari: hakuna aliyeamuru bila kwanza kutii, hakuna aliyepata mali bila kwanza kulala juu ya mbao. Hivi shirika lilikuwa daima na wakubwa waliozoea kazi. Tena wafalme wa Ulaya walichukua watu kutoka shule hiyo. Tourville na Suffren, waliojulikana sana katika jeshi la bahari la Ufaransa, walikuwa mashevalie wa Malta.

Pili, ilitoka katika utaratibu wa madaraka. Shirika liligawanyika katika mafungu nane yaliyoitwa Lugha, kwa kufuata inchi walimozaliwa mashevalie. Kila Lugha ilikuwa na kazi yake, na cheo cha amirali kilikuwa cha Lugha ya Italia. Wivu kati ya Lugha haukukosa, lakini kila mmoja alijua kazi ya nani ni ya nani.

Tatu, ilitoka katika mahali. Mlinzi wa mlango hahitaji kuwa na watu wengi kama mwenye nyumba. Kumtosha ni kukesha.

IV. Mazingiwa ya mwaka wa 1565 na vita vya Lepanto

Mwaka wa 1564 kapiteni mmoja wa galera za Malta, shevalie Romegas, aliteka merikebu kubwa ya Waturuki iliyojaa mali, nayo ilikuwa ya mkubwa wa nyumba ya Sultani. Hasira ya Suleiman ilikuwa nyingi. Yeye aliyewaacha watawa watoke Rhodes kwa heshima, aliwaona sasa kama nyuki waliofukuzwa toka mzinga mmoja wakajenga mwingine karibu zaidi.

Mwezi wa Mei 1565 askari wake wapata elfu thelathini na zaidi walishuka Malta. Mashevalie walikuwa wapata mia tano, na pamoja nao elfu kadhaa za askari na za Wamalta wenyewe. Mkuu wa Shirika alikuwa Jean de La Valette, mzee wa miaka karibu 70. Mwaka wa 1541 alikuwa ametekwa baharini, akapiga kasia kama mtumwa katika galera ya Waislamu karibu mwaka mzima. Upande wa pili alikuwako Turgut, kapiteni hodari wa Tripoli, naye pia alikuwa amepiga kasia kama mtumwa, katika galera za Wakristu, mpaka alipokombolewa mwaka wa 1544. Wakubwa wawili wa vita hiyo walikuwa wameonja benchi moja. Tutarudi kwa jambo hilo.

Boma la Mtakatifu Elmo lilianguka tarehe 23 Juni, baada ya karibu mwezi mzima. Turgut naye alikufa siku zile za Juni. Maboma mengine yakashika. Tarehe 7 Septemba msaada wa askari toka Sicilia ulishuka, na tarehe 8, sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bikira Maria, mazingiwa yakaisha. Mwaka uliofuata La Valette aliweka jiwe la kwanza la mji mpya, na mji huo unaitwa mpaka leo Valletta.

Tuangalie vizuri: katika vita hiyo kubwa kupita zote, galera za Malta hazikupigana. Zilifungwa bandarini nyuma ya mnyororo. Waliookoa inchi ni watu juu ya kuta, na wanawake na watoto waliochukua mawe na maji. Jeshi la bahari liliwaletea adui kwa kuteka merikebu, lakini halikuweza kumfukuza. Huo ndio mpaka wa nguvu ya jeshi dogo.

Miaka sita baadaye, tarehe 7 Oktoba 1571, vilipiganwa vita vya Lepanto, ambavyo tunavikumbuka kila mwaka kwa sikukuu ya Bikira Maria wa Rozari. Upande wa Wakristu kulikuwa na galera zaidi ya mia mbili. Za Malta zilikuwa tatu tu. Galera yao ya kwanza ilizungukwa na adui, karibu watu wake wote wakauawa, kiisha ikakombolewa. Inchi ndogo haikushinda vita vile, lakini iliheshimiwa kwa kuwa mahali pa hatari.

V. Cheche na moto

Heshima hiyo ilileta kishawishi. Baada ya Lepanto vita vikubwa vilipungua, lakini galera zilitaka kula kila siku. Mtu mwenye galera sharti aipeleke mahali fulani. Hivi, pole pole, kazi ya kulinda ikageuka kazi ya kuwinda. Pamoja na galera za shirika, watu binafsi nao walipewa ruhusa ya kwenda kuteka merikebu chini ya bendera ya Malta, na mwaka wa 1605 baraza maalum liliwekwa kwa kuangalia mambo yao.

Mashitaka hayakukawia. Wagiriki, Wakristu waliokaa chini ya Sultani, walilalamika kwamba mali yao ilitekwa kwa kisingizio cha kuwa mali ya Waturuki. Wengine walipeleka neno lao mpaka Roma. Wafanya biashara wa Venezia walikasirika. Wafalme wa Ufaransa, waliofanya mapatano na Sultani, hawakutaka merikebu zisumbuliwe.

Mwezi wa Septemba 1644 galera sita za Malta ziliikuta merikebu kubwa ya Waturuki, ndani yake wakubwa na mahujaji waliokwenda Maka. Waliiteka baada ya kupigana sana, na jenerali wa galera akafa katika kupigana huko. Wakirudi walipitia kisiwa cha Krete, kilichokuwa cha Venezia. Sultani alisema Wavenezia wamewapokea wanyang'anyi. Mwaka wa 1645 aliishambulia Krete, na vita hiyo ilidumu mpaka mwaka wa 1669, karibu miaka 25. Krete ilipotea. Hatusemi kwamba merikebu moja ndiyo sababu yote. Waturuki waliitamani Krete tangu zamani. Lakini sababu iliyoonekana ilitoka Malta, na waliolipa ni wengine. Tena tusisahau: shirika lililozaliwa kwa kulinda mahujaji lilikuwa limeteka mahujaji.

VI. Watu wa benchi

Sasa tufike kwa jambo lililo gumu. Nani walivuta makasia?

Walikuwa wa namna tatu. Wa kwanza ni wafungwa waliohukumiwa na baraza. Wa pili ni watu huru waliojiuza kwa muda, mara nyingi kwa sababu ya madeni. Wa tatu, nao walikuwa wengi, ni watumwa: Waislamu waliotekwa baharini ama pwani ya Barbaria. Mbio ya galera ilitegemea watu, na watu walipatikana kwa kuteka. Kwa hiyo galera ilisafiri ili ipate watu wa kuiwezesha kusafiri tena. Mviringo huo haukuwa na mlango wa kutokea. Kati ya watumwa wa Malta walikuwamo hata watu weusi. Karibu na hapo, katika Sicilia, ndiko alikozaliwa Mtakatifu Benedikto wa Palermo, mwana wa watumwa Waafrika, aliyekufa mwaka wa 1589, naye Kanisa linamheshimu altareni.

Twajua jibu la siku zile: kwamba upande wa pili walifanya vilevile. Ni kweli. Wakristu maelfu walifungwa Algeri, Tunisi na Tripoli, na tumetaja watu wa Gozo. Lakini dhambi ya jirani haiwi sheria yetu. La Valette na Turgut walionja wote wawili mnyororo wa kasia, na wote wawili, walipopata uhuru, waliwafunga wengine. Mateso peke yake hayamfundishi mtu huruma. Sharti neema iingie.

Na hata nyakati zile kulikuwa na njia nyingine ndani ya Kanisa. Watrinitari, tangu mwaka wa 1198, na Wamersedari, tangu mwaka wa 1218, walikusanya sadaka ili kukomboa mateka. Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, aliyewekwa mwaka wa 1619 kuwa padri mkuu wa galera za Ufaransa, alishuka kati ya wafungwa wa kasia, akawatendea kama watu. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba hakuna aliyeona.

Mwaka wa 1749 watumwa wa Malta walifanya shauri la siri la kuasi na kumwua Mkuu wa Shirika. Shauri likagunduliwa, na wengi wakauawa kwa mateso makali. Na hospitali kubwa ya Valletta, ambamo wagonjwa walilishwa katika sahani za fedha, ilikuwa katika mji uleule. Watawa wale walitunza mgonjwa kama bwana wao, na kumfunga mpiga kasia kama mnyama. Sisi watu wa inchi iliyopitiwa na misafara ya watumwa kutoka Maniema mpaka pwani ya bahari, hatuwezi kusoma habari hiyo kama habari ya wageni.

VII. Mwisho wa jeshi

Mwanzoni mwa karne ya 18, chini ya Mkuu wa Shirika Ramon Perellos, Malta ilipata merikebu kubwa za matanga pamoja na galera. Lakini vita na Waturuki vilikuwa vikipoa, na mashevalie wengi walizoea starehe ya Valletta. Karavani ikawa mara nyingi matembezi.

Hata hivyo galera zilifanya tendo moja jema kabla ya kufa. Mwezi wa Februari 1783 tetemeko la inchi liliangamiza Messina na miji ya Calabria. Shirika lilituma galera zake na waganga, dawa, vitanda na chakula. Kwa siku chache chombo cha vita kikarudi kazi ya Bruda Gerardo.

Mwaka wa 1792 Mapinduzi ya Ufaransa yalinyang'anya mashamba yote ya shirika katika inchi ile. Sehemu kubwa ya mapato ikakauka mara moja. Mwezi wa Juni 1798 Bonaparte, akienda Misri na merikebu mamia, alifika Malta akaomba maji. Mkuu wa Shirika Hompesch alisema merikebu nne tu ziingie kwa mara moja. Bonaparte akashusha askari, na tarehe 12 Juni kuta zile zilizomshinda Suleiman zikatolewa karibu bila kupigana. Watumwa Waislamu waliachwa huru na Bonaparte, si na watawa. Aibu hiyo tuikubali bila kutafuta maneno.

Juu ya nini Wamalta hawakuwapigania mabwana wao? Jibu ni rahisi. Wamalta walikuwa mabaharia, maseremala, wapiga kasia na askari wa galera, lakini mtoto wa mkubwa wa Kimalta, aliyezaliwa kisiwani, hakupokelewa kuwa shevalie kamili. Jeshi lilikuwa katika Malta, lakini si la Malta.

Na alama ni hii: miezi mitatu haikuisha, Wafaransa walipoanza kuchukua mali za makanisa, wananchi waliasi wao wenyewe, tarehe 2 Septemba 1798. Mmoja wa viongozi wao alikuwa padri, kanoniko Francesco Saverio Caruana. Padri mwingine, Mikiel Xerri, alipigwa risasi mwezi wa Januari 1799 kwa sababu ya shauri la kuwafungulia wenzake milango ya Valletta. Watu wasiokufa kwa ajili ya bendera ya mabwana walikuwa tayari kufa kwa ajili ya parokia zao. Wafaransa walitoka mwaka wa 1800, Waingereza wakaingia.

VIII. Leo

Malta ilipata uhuru tarehe 21 Septemba 1964, na askari wa mwisho wa Uingereza waliondoka tarehe 31 Machi 1979. Leo jeshi lake la bahari ni kikosi kidogo cha mashua za doria, kilichoanzishwa miaka ya 1970. Hakiteki mtu. Kazi yake ni kulinda uvuvi, kuzuia magendo, na kuokoa watu katika eneo la bahari lenye kilomita za mraba karibu 250,000. Katika eneo hilo hupita Waafrika wengi katika mashua mbovu, na maelfu wameokolewa na mabaharia wa Malta. Lakini si mara zote mlango ulifunguliwa: mwaka wa 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Malta ilifunga bandari zake kwa watu wa mashua, na wengine walizuiliwa baharini majuma mengi. Kisiwa kilichompokea Paulo kinaulizwa tena swali lilelile: mtu aliyetupwa na tufani ni nani kwetu?

Na shirika? Halina inchi, halina galera. Tangu mwaka wa 1834 makao yake ni Roma. Limerudi kwa kazi yake ya mwanzo, yaani wagonjwa na maskini. Hata kwetu, mashariki mwa Congo, shirika lake la msaada, Malteser International, limesaidia nyumba za wagonjwa katika Ituri. Lilipoteza jeshi, likaendelea kuishi. Basi, jeshi halikuwa moyo wake.

IX. Mafundisho

Tusiwahukumu wazee wale kwa wepesi. Hata katika inchi yetu, Kapiteni Joubert, aliyekuwa askari wa Papa, aliwalinda Wakristu wa Mpala kwa bunduki tangu mwaka wa 1887, na watoto wa watoto wao wanamshukuru. Kulinda mdogo anayeshambuliwa si dhambi. Kosa la Malta si kwamba walijenga galera siku ya hatari. Kosa ni kwamba hatari ilipopungua hawakuuliza tena galera ni kwa ajili ya nini.

Tunaona mambo matatu ya kushika. La kwanza: chombo kinakula, na kisipokuwa na kazi njema kitajitafutia kazi mbaya. Leo si galera. Ni motokari ya misioni, shamba la parokia, shule, mtambo wa kupiga chapa, urafiki na wakubwa wa serikali. La pili: kazi inayoishi kwa fedha ya mbali, na isiyo mali ya watu wa mahali, itaanguka siku mlango wa fedha utakapofungwa. Wamalta walilinda parokia zao kwa sababu zilikuwa zao. La tatu: kila mara tupimapo kazi yetu, tusiangalie tu walioko juu ya sitaha na bendera. Tushuke chini, tuangalie nani anavuta kasia, na kwa hali gani. Mpishi wa misioni, mlinzi wa usiku, mkatekista wa kijiji cha mbali asiyelipwa miezi mingi, hao ndio watakaotuambia kama kazi yetu ni ya Kristu kweli.

Bruda Gerardo hakuwa na galera hata moja. Alikuwa na vitanda, na mlango uliokuwa wazi.